Kimya cha Nasambu

Kabla ya siku ya jina, mtoto wa Nanyama alikuwa analia kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Alilia chai ikichemka, akalia nguo zikianikwa, akalia mpaka wapangaji wote wa ile ploti ya Kawangware wakawa wanajua sauti yake kuliko kengele ya kanisa. Nanyama alimbeba mgongoni, akambeba kifuani, akamwimbia nyimbo za kwao na za kanisani. Wapi! Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao baridi hupenya mabati na kukaa ndani kama mgeni asiyejua kuaga, na kifua chake mwenyewe kilikuwa kimembana. Mama anakohoa, mtoto analia, ndiyo ikawa ngoma ya nyumba hiyo.

Jumamosi moja mumewe, Khamala, akamletea chupa ya dawa ya kifua kutoka duka la dawa la pale kituo cha Satellite. Dawa tamu, nzito, rangi ya asali iliyoungua. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mvua zikatike, Nanyama alinyonyesha bila kukohoa.

Mchana akaja wifi yake, Filister, dadake mkubwa Khamala, aliyekaa Silanga kule Kibera na kuuza sukuma wiki kando ya bwawa. Alikuja na mboga kwenye kikapu na mambo ya nyumbani kichwani.

"Huyu mtoto haumwi," akasema hata kabla ya kuketi. "Anadai jina. Kuna mtu wetu anataka kurudi, na nyinyi mmekaa hapa mnamwita Bebi, Bebi. Bebi ni nani katika ukoo wetu?"

Akampakata, akaanza kutaja wafu mmoja mmoja, akingoja baada ya kila jina kama mtu anayebisha hodi. Kwa jina la Nelima, mtoto akalia. Kwa jina la Nakhumicha akalia mpaka akakauka sauti, na Khamala akacheka, "Huyo hata mimi namkataa, alikuwa mchoyo." Lakini Filister alipotaja Nasambu, nyanya yao waliyemzika mwaka uliopita, mtoto akanyamaza. Akakaza macho kwenye mwanga wa mlangoni, akapumua mara moja kwa kina, akalala.

"Mmeona?" Filister akasema kwa sauti ya chini. "Amelikubali. Karibu nyumbani, Kukhu."

Kukhu ndiyo nyanya, kwa lugha yao. Na tangu saa hiyo Nasambu hakulia tena.

Ploti nzima ilishukuru. Mama Muthoni, mwenye nyumba, alisimama mlangoni na sufuria yake mkononi akatikisa kichwa. "Mama Nasambu, wewe umebarikiwa. Wangu walinitoboa masikio wote watano. Hilo jina si munikopeshe nimpatie Baba Muthoni, akirudi amelewa naye anyamaze?"

Nanyama alicheka pamoja naye. Siku za mwanzo alicheka kwa moyo mweupe kabisa. Alilala usingizi mzuri, akaanza tena kwenda masomo yake ya jioni katika ukumbi wa kanisa, mtoto mgongoni, na hakuna aliyegeuka kumtazama kwa sababu ya kelele. Alikuwa na mipango. Angemaliza masomo, angepata cheti, Nasambu angevaa sare na soksi nyeupe.

Lakini furaha ile ilianza kuingia ubaridi, polepole, kama uji uliosahaulika mezani.

Kwanza yalikuwa maziwa. Titi lilijaa likauma, na mtoto hakulidai. Nanyama akimtia chuchu mdomoni, alinyonya mara mbili tatu, kisha alisahau, mdomo wazi, tone la maziwa likimtiririka shavuni. Kisha yakaja macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa nukta, ndogo kama mbegu ya mchicha, na hazikupanuka hata mle chumbani penye giza, ambako macho ya kila mtu huhangaika kutafuta mwanga. Macho ya Nasambu hayakutafuta kitu. Yalitazama mlangoni tu, nusu wazi, hata akiwa usingizini.

Na Nanyama alikuwa ameyaona macho hayo kabla.

Ni yeye aliyemuuguza Kukhu Nasambu katika hospitali ya misheni, kansa ilipomfikia mifupani. Wauguzi walimdunga mzee mofini kila mara, sindano ya kuua maumivu, na mwishoni alikuwa halii wala haombi chakula. Alilala ameelekea mlango, macho nusu wazi, mboni zimekuwa nukta. Alikuwa akivuta pumzi, kisha anakaa. Anakaa mpaka unadhani amesahau. Kisha anavuta nyingine, kwa mbali, kama mtu anayekumbuka jambo lisilo na haraka.

Sasa Nanyama aliisikia pumzi ileile kitandani mwake, kutoka kwa kifua kisichozidi ukubwa wa kiganja. Inakuja. Inakaa. Anaweka kidole chini ya pua ya mtoto na kungoja. Inakuja.

Akaanza kuogopa kubaki naye peke yake. Aliona aibu kwa hofu hiyo. Mama gani anamwogopa mwanawe? Alimvalisha kofia aliyomfuma mwenyewe, akambusu utosini, na kichwa kidogo kikayumba upande kama cha mzee aliyesinzia ibadani. Kila hofu ilipompanda, kikohozi nacho kilirudi, naye alimeza funda la dawa ile tamu. Mwanzoni alitumia kijiko. Sasa alimeza mdomo kwa chupa, kwa kuwa ilituliza kifua na ilituliza na roho pia. Chupa ikiisha, Khamala alileta nyingine.

Siku moja alimpeleka mtoto kwa Filister kule Silanga. Filister aliacha mizani yake ya mboga, akajipangusa mikono, akamwinamia mtoto kwa heshima ya kumwinamia mtu mzima.

"Kukhu, umeamkaje?" Akangoja jibu. Macho yale yakamtazama bila kupepesa. "Umekonda kidogo, Kukhu. Huku Nairobi chakula si kama cha kwetu, eh?"

"Wifi," Nanyama akasema, "nikuulize kitu. Aliyerudi, amerudi kukaa na sisi? Ama amekuja kumchukua mtoto?"

Filister akageuka haraka. Nyuma yake maji ya bwawa yalikuwa yametulia, yamefunikwa majani ya kijani yasiyotikisika. "Usiseme maneno kama hayo mbele yake," akanong'ona. "Anasikia."

Basi Nanyama alinyamaza naye. Nyumba ikawa na vimya viwili.

Ni katika wiki hizo Khamala alirudi kutoka kazini akiwa amekunja uso. Alikuwa msukuma vitanda katika hospitali moja ya kulipia, akiwapeleka wagonjwa chumba cha upasuaji na kuwarudisha. Aliketi, akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili.

"Mama Nasambu, nina shida ya mkojo."

"Unauma?"

"Hauumi. Unasema."

"Unasema nini?"

"Hilo ndilo naogopa." Akasogeza kigoda. "Dawa zimepotea chumba cha upasuaji. Zile kali za kuua maumivu, zinafungiwa kabatini kwa kufuli. Mkubwa amesema kila mtu anayeingia mle atoe mkojo, upelekwe maabara, waone ni nani anajidunga. Wanasema ule mkojo ukipikwa kule, unataja kila kitu ulichoingiza mwilini."

"Kwani wewe umeiba dawa?"

"Mimi? Na ninavyoogopa sindano? Hapana bwana. Lakini ile Jumapili kwa Nashon, kuna kitu tulivuta..."

"Bangi, Khamala? Na una mtoto mchanga?"

"Pafu mbili tu! Hata nilikohoa, wenzangu wakanicheka." Akashika goti la mkewe. "Nipe wako. Wewe hunywi pombe, huvuti, unanyonyesha. Mkojo wa mama anayenyonyesha ni maji ya chemchemi."

"Na wakijua ni wa mwanamke?"

"Mkojo hauvai rinda, mama."

Nanyama alicheka, Mungu amsamehe. Ilikuwa muda mrefu hawajacheka pamoja. Asubuhi akamjazia kichupa cha mafuta ya nywele kilichooshwa vizuri, naye Khamala akakibana kwapani ndani ya koti ili kikae na joto la mwili, akatoka akitembea mkono mmoja umeganda kama askari wa gwaride.

Jibu lilipokuja, lilikuja na Khamala mwenyewe, mchana kweupe, saa ambayo hakupaswa kuwa nyumbani. Hakuingia. Alisimama kizingitini, uso umemparara.

"Nanyama. Wewe unatumia nini?"

"Natumia nini vipi?"

"Madam Sella wa maabara ameniita, amenionyesha kioo. Kimepakwa unga mweupe. Wanadondosha mkojo ukingo wake wa chini, wanakisimamisha kwenye dawa, dawa inapanda yenyewe, halafu wananyunyiza kitu, na ule mkojo unachora alama. Wa wenzangu haukuchora kitu. Wangu..." akajirekebisha, "wako, umechora madoa mawili ya zambarau. La chini, anasema, ni mofini."

"Mofini?" Neno hilo lilimtoka Nanyama kama jina la mtu.

"Ameniuliza, Khamala, unakunywa dawa ya kikohozi? Nikamwambia ukweli wa Mungu, sijaugua kikohozi tangu Krismasi. Akanitazama kwa huruma, akaandika. Nimesimamishwa kazi. Wanasema polisi watakuja kuniuliza zile dawa niliuza wapi." Sasa alikuwa anatazama nyuma ya mkewe, kitandani, mahali penye kofia ndogo iliyofumwa. Sauti ikashuka. "Mama Nasambu. Kukhu alikufa na mofini mwilini. Si wewe ndiwe ulikuwa naye? Walimdunga mpaka siku ya mwisho. Hiyo ndiyo imetokea kwa mkojo wako. Ni yake. Amekuja nayo."

Nanyama aligeuka kuitazama ile kofia. Kwa kitambo aliamini. Aliiona ile dawa ya marehemu ikitoka kaburini, ikipita kwa jina, ikiingia kwa mtoto, na kutoka kwa mtoto ikiingia kwake kupitia chuchu. Kitandani pumzi ilivutwa, ikakaa.

Ikakaa.

"Aliuliza dawa ya kikohozi," Nanyama akasema polepole.

"Aliuliza. Kwani inahusu nini?"

"Wewe hukohoi. Mimi ndiye ninayekohoa."

Akaitazama chupa kwenye rafu. Akakumbuka funda za asubuhi, za mchana, za kila alipoingiwa na hofu. Akakumbuka somo la afya kule ukumbini, mwalimu Simeon akigonga ubao kwa chaki: mama akila, mtoto amekula. Siku ile waliandika tu, wakapiga miayo. Macho yale ya nukta, ile pumzi yenye mapengo: Kukhu alikuwa nayo kwa sababu ya sindano. Haikuwa tabia ya Kukhu. Ilikuwa kazi ya dawa.

Akaruka kitandani. Akamfinya mtoto wayo, akamfinya tena kwa nguvu ambayo mama hatumii. Mguu haukurudi nyuma. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya majivu.

"Lete shali. Tunaenda kwa huyo Sella."

"Kusema nini?"

"Kusema mkojo ni wangu."

"Nanyama, ngoja." Khamala akaziba mlango kwa mwili wake. "Sasa hivi wananishuku tu. Ukisema hivyo watajua niliwadanganya. Kazi hiyo imeenda kabisa, na pengine ni jela. Tumpeleke zahanati hapa karibu, tuseme ana homa."

"Watanipa dawa ya homa. Anayejua kilicho ndani yake ni yule aliyekiona kwa kioo."

"Tutakula nini?"

"Kazi utatafuta nyingine," Nanyama akasema, mtoto amelala kifuani pake kama kitambaa kilicholowa. "Huyu nitamtafuta wapi?"

Khamala akamtazama. Kisha akasogea, akachukua shali mwenyewe, akaitia chupa mfukoni, na wakatoka. Mama Muthoni aliwapungia mkono toka uani. "Amelala tu, malaika wa watu!" Walikwenda mbio wakipita Satellite, Khamala mbele akipasua watu, "Njia! Njia!" na njia nzima Nanyama aliweka shavu lake kwenye pua ya mtoto, akitafuta ile pumzi, akiipata, akiipoteza.

Waliingilia lango la nyuma la hospitali, ambalo Khamala alilijua. Sella alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, koti lake jeupe limetobolewa na tindikali. Alipomwona Khamala akainua mkono. "Bwana Khamala, umeambiwa usifike hapa."

"Mkojo ni wangu," Nanyama akasema, bila salamu. "Alinidanganyia... aliwadanganya ninyi. Ni mimi niliyekojoa. Nakunywa dawa hii, na ninamnyonyesha huyu. Amekataa kuamka."

Sella akamtazama Khamala. "Kumbe umenizungusha na mkojo wa bibi yako?" Lakini mkono wake ulikuwa tayari umefunua shali. Akainua kope moja ya mtoto kwa kidole. Akanusa chupa, akasoma, na uso wake ukabadilika. Alimchukua Nasambu mikononi, akasukuma mlango kwa bega na kukimbia koridoni kwa mwili wake ule mnene, viatu vikigonga sakafu, akimwita daktari kwa jina.

Kilichofuata Nanyama alikiona kupitia pengo la pazia. Mtoto uchi juu ya meza kubwa ya watu wazima. Daktari akitafuta mshipa kwenye mkono mwembamba kuliko kidole chake. Sindano. Kisha watu wazima wanne wameinama, hakuna anayesogea, na ile pumzi imekaa, imekaa, imekaa kupita ilivyowahi kukaa.

Nasambu akatetemeka. Mboni zikafunguka ghafla, nyeusi, pana, na mara macho yale yakawa na mtu ndani, mtu mgeni kabisa, mwenye hasira. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka mara moja. Ilijivuta kwanza, kama maji kwenye mfereji uliokauka. Halafu ikatoka.

Nanyama alikaa chini palepale koridoni, juu ya sakafu, akaweka kichwa magotini.

Daktari alimkanya asifurahi haraka. Sindano ile ya kuzima mofini hufanya kazi kwa muda tu, alisema, na dawa ya mwilini inaweza kumlaza tena, kwa hiyo watakaa wodini wakimwangalia, na maziwa yake asimpe mpaka aruhusiwe. Hapo Nanyama akakamua titi lake kwenye sinki la hospitali, akatazama maziwa yakishuka, meupe, mazuri, yasiyo na dalili yoyote. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Dawa ile haikuwa na rangi wala harufu humo.

Baadaye Sella akamwita maabara. Alikuwa ameukamua mkojo wa mtoto kutoka kwenye pamba ya nepi. "Njoo uone mwenyewe," akasema. "La sivyo watu wako watakwambia mengine."

Kioo kilikuwa kimesimama ndani ya chombo, na unyevu ulikuwa umekwisha kuupanda ule unga kama maji yanavyopanda ukuta wa udongo. Sella akakitoa, akakikausha, akanyunyiza. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha, kutoka kwenye weupe mtupu, zambarau ikaanza kujitokeza yenyewe, bila mkono wa mtu: madoa mawili upande wa Nanyama, na kando yake madoa mawili mengine, hafifu, urefu uleule. Kama mama na mtoto waliosimama studio kupigwa picha.

"La juu ni kodeini, iko ndani ya hiyo dawa yako ya kikohozi," Sella akasema. "La chini ni mofini. Mwili wenyewe ndio huigeuza kodeini kuwa mofini. Kwako imetuliza kifua. Kwake..." Akaacha hapo. "Mumeo angeniambia tu mkojo ni wa nani, ningeuliza kama kuna mtoto."

Khamala, aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi, akatoa mkojo wake mwenyewe siku hiyohiyo, wa kweli, mbele ya shahidi. Haukuchora kitu.

"Na... ile nyingine?" akauliza kwa woga.

"Ipi?"

"Bangi."

Sella akavua miwani. "Bwana Khamala, hakuna mtu hapa aliyekuwa anatafuta bangi."

Polisi hawakumfuata. Lakini mkubwa alisema mtu anayeweza kubadilisha mkojo anaweza kubadilisha chochote, akamtoa kazini bila barua ya sifa. Kabla mwezi haujaisha walifunga virago wakahamia Kibera, chumba kimoja karibu na Filister, na Khamala akaanza kulima vipande vya mashamba ya watu kando ya bwawa na kubeba magunia ya makaa. Hakumlaumu mkewe kwa maneno. Siku nyingine alimlaumu kwa namna alivyoweka jembe chini. Nanyama alipata masomo mengine ya jioni upande ule, akaanza upya, na kikohozi alikitibu kwa tangawizi na maji ya moto.

Nasambu alinenepa. Alilia kwa njaa, alilia kwa nepi, alilia akiona kuku. Filister alikuwa bado anamwita Kukhu, na Nanyama alimwacha.

Jambo moja tu halikurudi mahali pake. Mchana mmoja wenye jua, Filister akipanga sukuma wiki mafungu mafungu, mtoto alilala juu ya leso kivulini. Alilala vizuri, mashavu yana rangi, ngumi imekunjwa. Nanyama alikuwa anafua. Akasimamisha mikono ndani ya povu. Akasikiliza. Barabarani watu walipiga kelele, redio ya jirani iliimba, lakini yeye alisikia kile kipande kidogo cha kimya pale juu ya leso, baina ya pumzi moja na inayofuata. Akaacha nguo, akaenda na mikono inayodondosha maji, akapiga magoti, akamfinya mtoto wayo.

"Wee Nanyama!" Filister akaruka. "Una wazimu? Mtoto amelala zake salama, wewe unamwamsha?"

"Namwamsha."

Nasambu akafumbua macho, akamwona ni nani, akakunja uso na kuangua kilio kilichowageuza wanunuzi wote. Mwanamke mmoja akaziba masikio. Nanyama hakumbembeleza mara moja. Alibaki magotini, maji ya sabuni yakimkauka mikononi, akasikiliza mpaka mwisho wa kilio cha kwanza na mwanzo wa cha pili, ndipo akamchukua.